Safari ya Ukoo Kwenda Ujerumani Wakati wa Baridi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Shangazi yangu anayekaa Leipzig amewaalika jamaa zetu wanne waende kwake mwezi wa Desemba, wakaone masoko ya Krismasi ambayo Wajerumani huyafanya kila mwaka katika viwanja vya miji yao. Babu alipopata habari hizo alisema yeye hana haja ya soko, kwa kuwa soko la Kilombero lamtosha. Lakini kama watu wanakwenda Ujerumani, basi wakamwulizie babu wa baba yake, aliyechukuliwa na Wajerumani akiwa mzima, wala hata leo hakuna ajuaye kaburi lake. Tangu siku hiyo safari imekuwa na mambo mawili, nami nimepewa kazi ya kukusanya habari zake. Naziandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za Kaloleni zina wazee wao huko juu mlimani, na nyingine zina swali kama hili letu.

Yafaa kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru, walikokuja ili kuanzisha kituo. Kapteni Johannes wa Moshi akaja na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, na ng'ombe wakatekwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, jumla yao 19, na Mangi Lobulu Kaaya wa Meru alikuwa mmoja wao. Wakati huo huo Boma la Arusha lilikuwa likijengwa kwa nguvu za babu zetu. Ndilo hilo lililo Makumbusho siku hizi. Tena katika miaka hiyo wataalamu wa Berlin walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni ili wayapime, na mkubwa wa kazi hiyo alikuwa bwana aitwaye Felix von Luschan. Mwaka 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitoa hesabu yao: katika mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki waliyoyachunguza, 202 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Sasa, mtu asidhani kwamba kazi hii yaanza akishuka katika ndege. Naona karibu nusu ya kazi yafanywa nyumbani, nayo haina gharama ila ya daftari na nauli. Hapana budi kuwauliza wazee wakali wazima, mmoja mmoja, na kuandika majina yote ya huyo anayetafutwa: jina la utoto, jina la rika lake, jina la baba yake na la boma lake. Halafu yako majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa. Na sehemu kubwa ya majalada ya Ofisi ya Makoloni, yaliyo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani huko Berlin, imekwisha kupigwa picha na kuwekwa katika intaneti, hata mtu aweza kuyasoma bure akiwa hapa Arusha.

Lakini wengi hutafuta wasione kitu, na sababu yake ni tahajia. Mjerumani aliandika majina yetu kwa masikio yake. Arusha kwake ni Aruscha, Moshi ni Moschi, Kibosho ni Kiboscho, Machame ni Madschame, na Mchaga ni Dschagga. Sauti ya J aliiandika kwa herufi nne, D-S-C-H. Kwa hiyo ukiandika jina la mzee wako kama ulivyofundishwa shule ya msingi, hutaliona kamwe. Liandike kama Mjerumani angalivyolisikia, kwa namna tatu au nne. Tena maandishi ya mkono ya siku zile ni ya mtindo uitwao Kurrent, ambao hata vijana wa Kijerumani wa leo hawausomi mpaka wafunzwe. Shangazi atuambia kwamba wako wazee huko waujuao, nao hufurahi kuombwa msaada.

Wanafunzi wa Biolojia watapenda jambo linalofuata. Mwaka 2023 vinasaba vya mafuvu machache ya Berlin vililinganishwa na vya watu walio hai hapa Tanzania. Fuvu moja lililingana kabisa na ukoo wa mshauri mkubwa wa Mangi Meli aliyeitwa Akida, na mawili mengine ya Uchagani yalikaribia sana. Jambo hili huwezekana kwa sababu kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume karibu bila kubadilika. Kwa hiyo anayefaa kutoa mate yake apimwe ni mwanamume aliyeshuka kwa wanaume watupu tangu huyo mzee. Mtoto wa binti, hata akimpenda babu kuliko wote, hana kromosomu hiyo. Katika ukoo wetu huyo ni Babu mwenyewe, na ndiyo sababu tunafanya haraka.

Jambo moja lisisahauliwe: mafuvu hayakubaki Berlin yote. Baada ya von Luschan kufa mwaka 1924, yale aliyokuwa nayo kama mali yake mwenyewe yalinunuliwa yakapelekwa katika Makumbusho ya Marekani ya Elimu ya Viumbe, mjini New York. Basi yafaa kuandika barua Berlin na New York pia, miezi mingi kabla ya kukata tiketi, kuuliza kama kuna kitu kilichoandikwa Meru au Aruscha. Mafuvu hayo hayawekwi mahali pa kutazamwa na kila apitaye. Mtu hawezi kubisha hodi tu. Barua za wamisionari wa Leipzig nazo hazipo Leipzig, bali zimehifadhiwa katika taasisi ya Francke mjini Halle, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari moshi.

Sasa nije kwenye kalenda, maana hapo ndipo safari nyingi zaweza kuharibika. Sisi hufikiri kwamba mtu akitaka kuona Krismasi ya Ulaya aende siku ya Krismasi. Sivyo. Masoko yale hufunguliwa wiki ya mwisho ya Novemba, na mengi hufungwa tarehe 23 au 24 Desemba. Atakayefika tarehe 25 atakuta mbao zinabomolewa na maduka yamefungwa. Na vyumba vya kusomea nyaraka navyo aghalabu hufungwa tangu Krismasi mpaka Mwaka Mpya. Basi mambo yetu yote mawili yataka siku zile zile, yaani wiki tatu za kwanza za Desemba. Baba mkubwa aliposikia hivyo alifurahi, kwa sababu aliogopa kwamba watu wangekosekana mlimani wakati wa Krismasi, ambapo ukoo wote hukusanyika. Wakitua KIA tarehe 22 watawakuta wazee wote mahali pamoja, nao wataeleza habari mara moja tu badala ya kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Visa huombwa katika Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Maombi hupokelewa tangu miezi 6 kabla ya safari, na ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Yatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na Shangazi apate hati ya kuwadhamini wageni wake kutoka ofisi ya wageni ya mji wake. Mtoto asiyefuatana na wazazi wake wote wawili hana budi kuwa na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini.

Kuhusu baridi, watu wa Arusha wasijivune kwamba wamezoea mwezi wa Julai. Katika Desemba jua la Berlin huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri, na maji huganda njiani. Makoti mazito hupatikana kwenye mitumba, kwa kuwa wapagazi wa mlimani huyanunua; mengi yalitoka huko huko Ulaya, kwa hiyo koti litakwenda kuwaona jamaa zake.

Masoko yenyewe nisiyaseme vibaya. Lile la Dresden lina historia tangu mwaka 1434, na Leipzig nao wana lao, la zamani pia. Huuzwa mikate ya matunda makavu, biskuti za tangawizi na asali, na sanamu za mbao zilizochongwa katika milima ya Erzgebirge. Mama ameuliza juu ya usalama, na ana haki, maana watu waliuawa kwa kugongwa na magari katika soko la Berlin mwaka 2016 na la Magdeburg mwaka 2024. Tangu hapo vizuizi na polisi vimeongezwa. Iko divai ya moto, na iko sharubati ya moto kwa watoto. Kikombe hulipiwa dhamana, yuro chache, nawe ukikirudisha hurudishiwa fedha zako. Yasemekana wageni wengi hukichukua kikombe kwa ukumbusho. Sisi tumekubaliana kuvirudisha vyote, maana kutoa nakala za nyaraka kule Halle na Berlin nako kuna malipo yake.