Leso za Japani sandukuni: kumbusho au kavazi?

Msomaji mmoja wa Likoni ameniletea swali ambalo kamusi pekee haitoshi kulijibu. Nyanya yake alipofariki, wajukuu walifungua sanduku wakakuta leso kadhaa ambazo hazijakatwa, doti nzima nzima, na pambizoni maandishi kwamba zimetengenezwa Japani. Chini yake palikuwa na upepo wa karatasi wenye picha ya maua. "Vitu hivi twavigawana ama twaviweka?" auliza. "Na vikiwekwa, vyaitwaje?"

Leso hizo si ajabu. Katika miaka ya 1950 na 1960, nyingi zilizovaliwa pwani hii zilichapwa Japani kwa oda za wafanyabiashara wa huku, Kiswahili chake kikiwa papo hapo kwenye kitambaa. Yamkini aliyekichapa hakuelewa hata neno moja.

Neno chapa lenyewe tumelitoa Kihindi, nalo latufaa pia kwa zile picha za Kijapani ziitwazo ukiyo-e. Zilichapwa kwa vibao vya mbao, aghalabu kila rangi na kibao chake, zikauzwa kwa watu wa kawaida. Wimbi maarufu la Hokusai, la mnamo 1831, ni chapa ya aina hiyo, wala si mchoro mmoja wa pekee kama wengi wadhanivyo. Picha hizo huwa na sahihi ya mchoraji na mara nyingi alama ya mchapishaji. Leso nayo hubeba alama ya mwenye mali, kama "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Mchoraji wa leso ndiye hatajwi, na hilo laniudhi.

Sasa maneno. Kumbukumbu yatokana na kukumbuka, na kazi hiyo ni ya mtu. Kumbusho yatokana na kukumbusha: kitu ndicho kinachomfanyia mtu kazi. Leso moja aliyopewa mjukuu ni kumbusho, kwani yamrudisha kwa nyanya. Lakini sanduku zima, vitu vikiwa pamoja na mpangilio wake, hueleza zaidi ya kipande kimoja: ladha ya mwanamke mmoja, maduka aliyonunua, misemo aliyoipenda. Hilo ni kavazi, neno tunalolikuta katika Kavazi la Mwalimu Nyerere kule Dar es Salaam. Wapo watakaosema neno hilo ni kubwa mno kwa sanduku la Likoni. Mimi sioni hivyo. Kavazi halipimwi kwa ukubwa wa jengo.

Basi ndugu yangu, kama lazima mgawane, msianze na mkasi. Pigeni picha kila doti ikiwa imetandazwa, pindo na mji vionekane. Nakilini jina kama lilivyochapwa, hata likiwa na kosa la tahajia, pamoja na maandishi yote ya pambizoni. Kisha muulizeni shangazi aliye mkubwa: hii nyanya aliivaa harusi ya nani? Hilo halikuchapwa popote.