Filta ya oili: Bomba lisiloonekana linalobeba uhai wa injini

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

ALFAJIRI ya Julai katika mji mdogo wa Mpui, ulio kati ya Laela na Sumbawanga mkoani Rukwa, si wakati wa mtu kutoka nje bila koti. Uwanda wa juu wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzijoto 10, wakati mwingine chini yake.

Ni saa hiyo hiyo ambapo madereva wa malori ya mahindi, wenye matrekta na waendeshaji wa mashine za kusaga za dizeli huwasha injini zao. Wengi hukanyaga mafuta papo hapo ili injini ipate moto haraka.

Katika sekunde hizo chache, kipande cha bati chenye matundu, kilichofichwa ndani ya filta ya oili, hubeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kipande hicho ni bomba la katikati. Wenye magari wengi hawajawahi kukiona, na hata baadhi ya mafundi hukitupa pamoja na filta kuukuu bila kukitazama.

Ili kuelewa kazi yake, msomaji hana budi kufuata safari ya oili. Pampu huisukuma oili kutoka sampo hadi kwenye filta, ambako huingia kupitia matundu madogo yaliyozunguka mdomo. Humo huizunguka karatasi iliyokunjwakunjwa, huipenya kutoka nje kuelekea ndani huku ikiacha uchafu, kisha hupita kwenye matundu ya bomba la katikati na kurejea katika injini kulainisha beringi za krenki, kamshafti na sehemu nyingine.

Kwa kuwa oili husukuma karatasi kuelekea ndani, karatasi peke yake isingeweza kusimama. Ingejikunja kama mfuko wa nailoni ulionyonywa hewa. Kinachoizuia ni bomba hilo.

Mzigo wenyewe si mdogo. Tuchukulie bomba lenye kipenyo cha milimita 35 na urefu wa milimita 80. Eneo lake la nje ni takriban sentimeta za mraba 88. Endapo tofauti ya presha kati ya nje na ndani ya karatasi itafikia kilo 1 kwa kila sentimeta ya mraba, bomba hilo litakuwa limebanwa kutoka pande zote kwa nguvu ya jumla inayokaribia kilo 90, ambao ni uzito wa mtu mzima mnene.

Baridi ndiyo huongeza tofauti hiyo. Oili ya SAE 40, inayotumika sana katika injini za dizeli, inapokuwa na nyuzijoto 10 huwa nzito zaidi ya mara 50 kuliko inapokuwa na nyuzijoto 100. Oili nzito haipenyi karatasi kwa urahisi, na karatasi ikiwa tayari imeziba kwa kupitiliza muda wa kubadilishwa, presha ya upande wa nje hupanda zaidi.

Watengenezaji wa injini waliliona hilo mapema. Ndiyo sababu mifumo mingi ina valvu ya mchepuo, ambayo hufunguka tofauti ya presha inapozidi kiwango kilichowekwa na kuiruhusu oili ipite bila kuchujwa, kwa hoja kwamba oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Katika baadhi ya injini valvu hiyo imo kwenye injini yenyewe, lakini katika filta nyingi imo ndani ya filta, ikiwa imekaa kwenye ncha ya bomba la katikati. Hapo bomba dhaifu huleta hasara mara mbili: likipinda, valvu hupoteza kikao chake, na oili huanza kupita bila kuchujwa kila siku, hata injini ikiwa ya moto. Dereva haoni dalili yoyote, kwani taa ya oili haiwaki.

Bomba likibonyea kabisa mambo huwa mabaya zaidi. Karatasi inaweza kuchanika na kuachia uchafu wote uliokusanywa kwa miezi, au njia ya oili ikabanwa na presha ikashuka. Beringi za krenki hutegemea utando wa oili ambao ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo chembe chache ngumu zinatosha kuzikwaruza.

Tatizo la mbunifu ni kwamba bomba linatakiwa kuwa na matundu mengi, na kila tundu hulipunguzia nguvu. Watu wa Ufipa wanaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Wahunzi wa Kifipa walijenga tanuru ndefu za udongo, malungu, ambazo zilivuta hewa zenyewe kupitia mianya iliyozunguka kitako bila mivukuto, na kitako hicho hicho chenye mianya ndicho kilichobeba ukuta wote.

Kwa bahati nzuri, hesabu ya matundu huwa upande wa mbunifu. Mdomo wa kutolea oili wenye kipenyo cha milimita 17 una eneo la milimita za mraba 227 hivi. Matundu 40 ya milimita 5 kila moja yana jumla ya milimita za mraba 785, zaidi ya mara tatu. Hivyo dai la baadhi ya mafundi kwamba filta yenye matundu mengi zaidi ndiyo bora halina uzito. Yakishazidi mdomo kwa kiasi cha kutosha, matundu ya ziada hayaongezi kitu.

Tahadhari inahitajika zaidi kwa bomba lisilotobolewa, bali lililochanwa na kuinuliwa vipenyo kama vya dirisha la vibao. Muundo huo ni imara, kwa sababu bati halikatwi likaondolewa. Lakini mashine ya kiwandani ikiwa butu, vipenyo huinuka kidogo tu au hubaki vimefumba, na filta mpya huwa kikwazo tangu siku ya kwanza.

Yapo pia mabomba ya plastiki, ambayo wengi huyadharau bila kuyatendea haki. Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo huhimili joto la oili vizuri. Hatari iko kwa plastiki ya bei rahisi, ambayo hukakamaa na kupasuka. Aidha, katika baadhi ya magari ya miaka ya karibuni filta ni karatasi tupu, na bomba limeungwa na kifuniko kinachobaki garini. Fundi asiyelijua hilo akilitupa, karatasi mpya hubaki bila mhimili.

Kipo kipimo cha kimataifa kwa jambo hili, ISO 4548-3, kinachohusu uwezo wa filta kuhimili tofauti kubwa ya presha na joto. Mnunuzi dukani, hata hivyo, huona rangi na nembo tu, ambazo ni rahisi kuigwa.

Anachoweza kufanya ni kumulika tochi kwenye mdomo wa filta kabla ya kulipa. Matundu yawe wazi na yenye ukubwa unaolingana, mshono wa bomba uwe umefungwa sawasawa, na bomba lisicheze linapoguswa kwa kidole.

Kipimo cha pili hufanyika gereji. Filta iliyotolewa ikatwe kwa msumeno wa chuma, karatasi ivuliwe, na bomba litazamwe. Likiwa la mviringo kama lilivyotoka kiwandani, chapa hiyo inaweza kununuliwa tena. Likiwa limebonyea hata upande mmoja, mwenye lori au mashine achunguze kwanza muda aliouacha upite kabla ya kubadilisha oili, uzito wa oili anayotumia na jinsi anavyowasha injini asubuhi, na amwombe fundi afungue sampo aangalie kama kuna chembe za chuma kabla mavuno hayajaanza kusagwa.