Bangi ya Maabara na Madhara Yake kwa Figo, Moyo na Ini

Wako wanaoamini kuwa majani makavu yauzwayo katika vipakiti vya rangi, kwa majina kama Spice au K2, ni aina nyingine tu ya bangi. Sivyo. Majani hayo yaweza kuwa ya mmea wowote. Kinacholevya ni kemikali ya maabara iliyoyeyushwa na kunyunyiziwa juu yake. Kwa kuwa haienei sawasawa, msokoto mmoja waweza kuwa hafifu, na wa pili wa pakiti ileile ukamwangusha mvutaji. Katika visiwa vya Mayotte na Mauritius, ng'ambo ya bahari yetu hii, biashara hiyo imekwisha kuota mizizi.

Ubongo, moyo na mishipa ya damu vina vipokezi ambavyo kemikali ya bangi hushikamana navyo. Ile ya asili huvichochea kwa kiasi. Hii ya maabara huvichochea kwa nguvu zote. Mapigo ya moyo huenda mbio, na wapo vijana wasio na ugonjwa wowote waliopata shambulio la moyo baada ya kuvuta. Degedege laweza kufuata. Misuli ikiharibika, mabaki yake huingia katika damu na kuzidhuru figo. Ini nalo, lenye kazi ya kuzivunjavunja kemikali hizi, limewahi kuripotiwa kudhurika.

Habari ya figo yahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 2012 nchini Marekani, wagonjwa 16 katika majimbo sita, wengi wao vijana wa kiume, walipata madhara makali ya figo baada ya kuvuta bidhaa hizi. Wote walianza kwa kichefuchefu na kutapika, na wengi waliumwa tumbo au kiuno, dalili ambazo kwetu zingedhaniwa kuwa malaria au chakula kilichochacha. Watano walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Hakuna aliyefariki.

Mwaka 2018 katika jimbo la Illinois hali ilikuwa mbaya zaidi. Vipakiti vilikuwa vimechanganywa na sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Watu zaidi ya 150 walitokwa damu puani, kwenye fizi na katika mkojo; baadhi walikufa. Waliopona walihitaji vitamini K kwa muda mrefu.

Mwananchi anapaswa kufahamu kuwa kipimo cha kawaida cha mkojo cha kutambua bangi hakizioni kemikali hizi. Jibu la kwamba hakuna kitu halithibitishi kuwa mgonjwa hakuvuta. Hivyo mganga hutegemea maelezo ya mgonjwa na ya waliomleta. Ndugu wengi huficha kwa aibu, na muda wa kuziokoa figo hupita wakati mgonjwa akitibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Maelezo hayo ni siri ya matibabu.

Mtu aliyevuta kisha akatapika mfululizo, akaumwa kifua au kiuno, akapungukiwa mkojo au akatokwa damu, afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, wala asinyweshwe maziwa, kwani hayaondoi sumu hii na yaweza kumpalia. Pakiti au mabaki ya msokoto yasitupwe. Yaletwe pamoja na mgonjwa.