Mtumbwi uliokutwa kisimani

Je, wajua kwamba mtumbwi mkongwe kuliko yote iliyopatikana Afrika uligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta maji? Mwaka 1987, karibu na kijiji cha Dufuna katika Jimbo la Yobe, kaskazini mashariki mwa Nigeria, mchungaji wa Kifulani alikuwa akichimba kisima. Alipofika kina cha takriban meta 5, akagota kwenye mti mgumu. Vipimo vya kaboni vikaonyesha kuwa una umri wa miaka 8,000 hivi. Piramidi za Giza hazijafikisha hata miaka 5,000.

Mtumbwi huo una urefu wa meta 8.4, upana wa nusu meta, na kuta zake zina unene wa sentimeta 5 tu. Umechongwa kutoka gogo moja, ukachongoka mbele na nyuma. Chuma kilikuwa bado hakijajulikana, kwa hiyo kazi yote hiyo ilifanywa kwa zana za mawe. Fundi wa mitumbwi wa leo, mwenye shoka na tezo mkononi, anajua ilivyo rahisi kutoboa gogo ukilikwangua hadi unene huo. Sidhani kama aliyeuchonga alikuwa anajaribu kwa mara ya kwanza. Wanaakiolojia nao wanaona kwamba ufundi huo ulikuwa na historia ndefu nyuma yake.

Maji ya kuupigia kasia hayakukosekana: enzi hizo Sahara na Saheli zilipata mvua nyingi, na Ziwa Chad lilitanda eneo linalozidi mara nne Ziwa Victoria la sasa.

Lakini ulidumuje muda wote huo? Mti wa kawaida, ukiachwa juu ya ardhi, huliwa na kuvu na mchwa ukaisha. Huu ulifukiwa kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, usiopitisha hewa, na kuvu wanaoozesha mti hawaishi bila oksijeni. Hatari huanza siku ya kuufukua: maji ndiyo yanayoshikilia vijishimo vya ndani ya mti uliochakaa, nayo yakikauka upesi, mti hunywea, hupinda na kupasuka. Wataalamu wa Nigeria na Ujerumani, wakiongozwa na Abubakar Garba na Peter Breunig, walichimba kwanza mashimo ya majaribio, na mtumbwi wenyewe ukafukuliwa wote baadaye. Ukapelekwa Damaturu, makao makuu ya Yobe, kuhifadhiwa.