Jinsi Kompyuta Inavyohakiki Madai ya Marubani wa Glaida

Wakati wa kiangazi, ifikapo saa sita mchana, ardhi ya Haneti, kaskazini ya mji wa Dodoma, huwa imekwisha pata joto kali. Chamchela huinua vumbi na kulizungusha juu ya mashamba yaliyovunwa. Juu zaidi tumbusi huonekana wakizunguka, mabawa wameyatandaza bila kuyapiga, nao huzidi kupanda mpaka wakawa kama nukta. Chamchela na tumbusi ni dalili za jambo moja. Hewa iliyopata joto karibu na ardhi hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa inayoizunguka, ikapanda. Nayo hewa baridi hushuka kuchukua nafasi yake.

Binadamu amejifunza kuutumia mkondo huo. Ndege isiyo na injini, iitwayo glaida, huvutwa kwa kamba na ndege yenye injini, au kwa winchi iliyoko ardhini, kisha huachiliwa ikiwa angani. Tangu hapo glaida hushuka polepole ndani ya hewa iliyomo. Lakini hewa hiyo ikiwa inapanda kwa kasi kuliko glaida inavyoshuka, glaida nayo hupanda. Rubani stadi hupanda katika mkondo mmoja, akateleza hadi mkondo mwingine, na hivyo akaweza kusafiri mamia ya kilomita.

Katika Afrika ya Mashariki elimu hii si ngeni. Huko Mweiga, karibu na Nyeri nchini Kenya, mchezo wa glaida uliendeshwa kwa miaka mingi. Nchini Tanzania mtaalamu wa mruko wa ndege hai, Colin Pennycuick, alitumia glaida yenye injini ndogo katika Serengeti kuwafuata tumbusi, korongo na ndege wengine wakubwa angani, akipima namna wanavyopanda na kuteleza. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1972.

Tumbusi hadai nishani kwa safari yake. Rubani hudai, na hapo ndipo linapozuka swali la kisayansi: mtu aliyekuwa peke yake angani atathibitishaje kwamba alifika alikosema amefika?

Nishani na ushahidi wa zamani

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, lijulikanalo kwa kifupi kama FAI, liliundwa mwaka 1905. Miongoni mwa kazi zake ni kuweka masharti ya nishani na rekodi. Ili kupata nishani ya fedha, rubani wa glaida hana budi kukaa angani kwa saa 5, kusafiri umbali wa kilomita 50, na kupanda mita 1,000 juu ya kimo cha chini alichokuwa nacho baada ya kuachiliwa. Nishani ya dhahabu hudai kilomita 300 na kupanda mita 3,000. Juu yake ziko almasi, ambazo miongoni mwa masharti yake ni safari ya kilomita 500 na kupanda mita 5,000.

Rekodi za dunia zimepita mbali zaidi. Tarehe 21 Januari 2003, Klaus Ohlmann alisafiri zaidi ya kilomita 3,000 katika siku moja kando ya milima ya Andes huko Argentina. Mwaka 2018, katika nchi hiyohiyo, glaida iitwayo Perlan 2 ilifika kimo cha zaidi ya mita 22,000. Hakuna umati wa watu uwezao kushuhudia mambo kama hayo kwa macho.

Kabla ya miaka ya 1990 rubani alibeba vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa barografu, yaani kipimahewa chenye sindano iliyochora mstari juu ya karatasi iliyopakwa masizi na kuzungushwa kwa mtambo wa saa. Cha pili kilikuwa kamera ya kupigia picha mahali pa kugeuzia safari. Shahidi rasmi aliifunga barografu kwa lakiri kabla ya kuruka, na filamu ilisafishwa bila kukatwa ili picha zionekane kwa mfuatano wake. Njia hiyo ilikuwa na udhaifu. Barografu ilijua saa na kimo, lakini haikujua mahali. Kamera ilijua mahali, lakini haikujua saa wala kimo. Ushahidi ulikuwa nusu kwa nusu, na hakimu alilazimika kuziunga nusu hizo kwa akili yake.

Mstari mmoja wa tarakimu

Siku hizi kazi ya vyombo hivyo viwili hufanywa na kimoja, nacho ni kinasa safari. Hicho hupokea mawimbi ya setilaiti, kikatambua mahali kilipo, na wakati huohuo hupima kanieneo ya hewa. Kila baada ya sekunde chache huandika mstari mmoja. Hebu msomaji autazame mstari huu wa mfano:

B0915300530000S03555000EA0245002575

Herufi B huonyesha kwamba huu ni mstari wa mahali. Tarakimu sita zifuatazo ni wakati wa kimataifa: saa 09, dakika 15, sekunde 30, yaani saa sita na robo mchana na sekunde 30 kwa saa za Afrika ya Mashariki. Kisha inakuja latitudo, nyuzi 5 na dakika 30 kusini. Halafu longitudo, nyuzi 35 na dakika 55 mashariki, katika maeneo ya Haneti. Herufi A husema kwamba setilaiti zilipatikana vizuri. Mwisho viko vimo viwili kwa mita: 2,450 kwa kipimo cha kanieneo, na 2,575 kwa kipimo cha setilaiti.

Mwanafunzi huenda akadhani kwamba tofauti ya mita 125 ni kosa la chombo. La, sivyo. Kipimo cha kanieneo hukadiriwa kwa kuchukulia hewa sanifu, ambayo joto lake usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi. Hewa ya nyanda za kati za Tanzania ni ya moto zaidi. Kwa hiyo imetanuka, na mtu hupanda mita nyingi zaidi kabla kanieneo haijapungua kwa kiasi kilekile. Tofauti hiyo ni alama ya hali ya hewa ya siku na mahali. Mdanganyifu anayebuni safari akiwa mezani, akaviandika vimo viwili kuwa sawasawa, atakuwa amejifichua mwenyewe.

Programu inapochunguza

Safari ya saa 5 huacha maelfu ya mistari. Programu ya kompyuta huisoma yote na kuuliza maswali. Je, wakati unakwenda mbele bila pengo? Je, mwendo kati ya nukta mbili unawezekana? Kama glaida imehama kilomita 3 kwa sekunde 6, mwendo wake ni mita 500 kwa sekunde, na hapo pana kasoro. Je, rubani aliingia kweli katika eneo la kugeuzia, ambalo laweza kuwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 500? Na kama glaida ina injini ndogo, je, injini ilikuwa imezimwa? Kwa swali hili kinasa safari cha glaida hizo hupima kelele na kuandika kiasi chake katika kila mstari.

Kisha huja hesabu ya umbali na kimo. Chukua mfano wa kubuni wa rubani anayeachiliwa juu ya Dodoma, latitudo nyuzi 6 dakika 10 kusini na longitudo nyuzi 35 dakika 45 mashariki, akatua mahali palipotajwa katika mstari ule. Tofauti ya latitudo ni dakika 40. Kila dakika ya latitudo ni kilomita 1.852, kwa hiyo amekwenda kaskazini kilomita 74. Tofauti ya longitudo ni dakika 10, ambazo katika latitudo hiyo ni kilomita 18 na kitu. Kwa kanuni ya Pithagorasi umbali wote ni kama kilomita 76. Programu hutumia umbo halisi la dunia badala ya pembetatu bapa, lakini jibu halitatofautiana sana.

Kilomita 76 zinazidi 50. Je, rubani amefuzu? Bado. Kwa safari isiyofika kilomita 100, masharti husema kwamba kimo kilichopotea kati ya mwanzo na mwisho kisizidi sehemu moja kwa mia ya umbali. Hapa hiyo ni mita 760 hivi. Kama aliachiliwa kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kutua penye mita 1,100, amepoteza mita 900. Dai lake litakataliwa ijapokuwa safari ilikuwa ya kweli.

Sababu ya sharti hilo ni nzuri. Glaida nyingi za leo huweza kuteleza kilomita 40 kwa kupoteza kilomita moja ya kimo. Mtu angeweza kuvutwa hadi juu sana, kisha akateleza tu bila kutafuta mkondo wowote. Lakini hakuna glaida iwezayo kuteleza kilomita 100 kwa kupoteza kilomita moja. Anayetimiza sharti hana budi awe ameitumia hewa ipandayo.

Lakiri isiyoonekana

Limebaki swali gumu kuliko yote. Mistari ni tarakimu tu, na tarakimu hubadilishwa kwa urahisi katika kompyuta. Ni nini kitakachozuia 2,450 isigeuzwe kuwa 3,450?

Jaribio la darasani litasaidia. Andika 2450. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 4, kisha jumlisha: 2 + 8 + 15 + 0 = 25. Gawanya kwa 7. Baki ni 4. Baki hilo liwe lakiri. Mtu akibadili namba kuwa 3450, jumla itakuwa 26 na baki 5. Udanganyifu umejulikana. Lakini akiandika 9450, jumla ni 32, na baki ni 4 tena. Lakiri hii ni dhaifu. Tena, yeyote ajuaye kanuni aweza kukokotoa baki jipya na kulibandika.

Kinasa safari hutumia kanuni yenye nguvu zaidi. Hukokotoa muhtasari mrefu wa safari nzima, kisha huutia saini kwa ufunguo wa siri uliomo ndani yake. Matokeo huandikwa mwishoni katika mistari inayoanza na herufi G. Msingi wa saini za namna hii uliwekwa na wanahisabati katika miaka ya 1970. Mbinu mojawapo, iliyobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, hutumia funguo mbili, mmoja wa siri wa kutilia saini na mwingine wa wazi wa kuhakikia. Hivyo yeyote aweza kuthibitisha saini, lakini ni chombo chenyewe tu kiwezacho kuitia. Na mtu akikifungua chombo ili auone ufunguo, swichi ndogo iliyomo huufuta.

Ikibadilika herufi moja tu ya mistari iliyolindwa, programu hukataa. Yafaa kufahamu vema maana ya kukataa huko. Programu haisemi kwamba rubani ni mwongo; husema tu kwamba maandishi haya si yale yaliyotoka katika chombo. Rubani mwaminifu aliyeyafungua maandishi yake ili ayatazame, akabonyeza kitu bila kukusudia na kuyahifadhi upya, aweza kuipoteza nishani aliyoitolea jasho, isipokuwa nakala ya asili bado ipo. Kwa hiyo nakala hiyo huhifadhiwa bila kuguswa.

Kazi iliyobaki kwa binadamu

Kuna jambo ambalo kompyuta haiwezi kulijua kamwe: ni nani aliyekuwa ameketi katika kiti cha rubani. Kwa ajili hiyo shahidi rasmi bado anahitajika. Yeye huthibitisha ni nani aliyeruka, katika glaida ipi, chombo kikiwa mahali pake. Na baada ya kutua husimamia uchukuaji wa rekodi. Mashine hulinda tarakimu, naye mtu hutoa ushahidi juu ya mtu.

Somo hili halihusu glaida peke yake. Shule inayopima mvua kila asubuhi na maabara inayoandika matokeo ya jaribio hukabiliwa na swali lilelile: msomaji wa kesho atajuaje kwamba namba hizi ndizo zilizopimwa? Majibu nayo ni yaleyale. Pima kwa njia mbili zinazoweza kulinganishwa, andika papo hapo pamoja na saa, usifute maandishi ya asili, na umpe mtu mwingine uwezo wa kuhakiki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sayansi huongeza kwamba njia ya mkweli nayo hupimwa, na hapo ndipo safari yake inapoaminika kwa wale ambao hawakuiona.