Seio: Kutikisa, Kudhulumu na Kukomboa



Nyumbani Malinyi, mpunga ukishatwangwa, mama hushika ungo akapepeta. Pumba zinaruka, mchele unabaki. Nilipokutana na kitenzi cha Kigiriki seio, yaani "kutikisa", niliukumbuka ungo ule.

Maana yake ya kwanza ni ya kawaida: kutikisa mkuki, mti au kichwa. Humo limetoka neno seismos, "tetemeko", na kutoka hilo jina la elimu ya matetemeko ya ardhi, seismolojia.

Lakini watu wa Athene walikitumia pia kwa binadamu. "Kumtikisa" mtu ilikuwa kumtisha kwa mashtaka ya uongo mpaka atoe fedha, kama mti unavyotikiswa matunda yaanguke. Maana hiyo imo katika Luka 3:14. Askari wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye anawakataza diaseio, "kutikisa kabisa". Tafsiri zetu zinasema kudhulumu au kunyang'anya. Maana ni sahihi, ila mti hatuuoni tena.

Kitenzi hicho hicho kilitumika kwa ukombozi. Mnamo mwaka 594 K.K., Solon wa Athene alifuta madeni na kupiga marufuku mkopo ambao dhamana yake ni mwili wa mkopaji, kwa maana walioshindwa kulipa walikuwa wakifanywa watumwa. Hatua hiyo iliitwa seisachtheia: kutikisa mzigo mpaka uanguke.

Mwinjili Mathayo naye anakitumia mara tatu: mji wa Yerusalemu Yesu anapoingia (21:10), nchi anapokufa (27:51), na walinzi wa kaburi anapofufuka (28:4). Anayetikisika mwisho si aliyezikwa, bali ni wale waliowekwa kumlinda asitoke.

Kwetu, mkulima akiishiwa msimu wa kilimo hukopa fedha kwa ahadi ya kulipa magunia ya mpunga. Mavuno yakifika, magunia yanaondoka, naye anabaki na pumba. Huo ni ungo uliogeuzwa.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutasimama mbele ya mkulima huyo, pengine tukimwomba mchango. Swali la wale askari ni letu pia. Tukimfikia, tutautikisa mti wake, au mzigo wake?