Ngurumo Bila Maneno: Kuchagua Spika za Muda kwa Fedha Kidogo



Mpenzi msomaji, mwaka jana tulipohama nyumba, redio yetu kubwa iliyotutumikia tangu arusi yetu haikuuvumilia mkokoteni. Ilifika ikiwa kimya. Fundi aliifungua, akaitazama, akatikisa kichwa, akaifunga. Nyumbani tuko saba, na miongoni mwetu ni mama yangu mzazi, ambaye macho yamemdhoofika na starehe yake iliyobaki ni kusikiliza: tilawa baada ya alfajiri, darsa la alasiri na habari za usiku. Tulikuwa na shilingi 15,000, na karo ya shule ilikuwa mlangoni. Mume wangu akasema, "Tununue cha muda kwanza. Kizuri kitakuja Mwenyezi Mungu akijaalia."

Neno hilo "cha muda" ndilo lililotuponza. Tulidhani cha muda ni chochote. Kijana wetu alinyoosha kidole dukani kwenye kasha jeusi lenye taa. "Mama, hili lina wati 5,000!" Kipya kinyemi, tukalibeba. Taa zilimetameta, vikombe vikatetemeka kabatini. Mama alisikiliza kwa adabu siku tatu, kisha akaniita kando. "Mwanangu, Mola awalipe kheri. Lakini mimi nasikia ngurumo, maneno siyasikii."

Mwenye duka alikubali kulirudisha kasha kwa kukata shilingi 2,500. Tukabaki na 12,500 na funzo, nami naona si haki kulificha.

Wati za karatasini

Kwenye makasha mengi ya namna ile huandikwa herufi PMPO, yaani nguvu ya ghafla ya kitambo kidogo mno. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayowafunga watengenezaji. Kila mmoja hukadiria apendavyo. Kipimo cha kutafuta ni RMS, nguvu ambayo chombo huweza kuitoa mfululizo. Iko na mizani nyingine ya haraka: kigeuze chombo nyuma usome kinakula wati ngapi za umeme. Kinachokula wati 40 hakiwezi kutoa 5,000 za sauti. Mtungi hautoi maji kuliko yaliyotiwa.

Tena nyumba haihitaji wati nyingi. Spika hupimwa kwa desibeli, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa wati 1 ikisikilizwa umbali wa mita 1. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya 84 na 90, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama desibeli 60. Basi amplifaya ya wati 20 au 30 za kweli kila upande ni akiba tele sebuleni. Na spika iliyomzidi mwenzake kwa desibeli 3 huhitaji nusu tu ya wati kutoa sauti ile ile.

Kwa nini basi mama hakusikia? Kwa sababu maneno hutambulika kwa herufi kama s, f, t na k, nazo hupanda juu katika sauti nyembamba. Umri huanza kupunguza usikivu wa sauti hizo hizo nyembamba. Kasha letu lilizifunika kwa besi. Mzee alipata sauti, akakosa maneno.

Kuigawa fedha

Tuliamua kununua vitu viwili mbali mbali, spika na amplifaya, ili kimoja kikiharibika au kikipata badali, cha pili kibaki. Fungu kubwa liende kwenye spika, kwa kuwa ndizo zinazobeba tabia ya sauti, na spika nzuri hudumu miaka mingi. Sisi tulitoa 7,500 kwa jozi ya spika za mtumba za kuweka rafuni, 4,000 kwa amplifaya ndogo mpya inayopokea sauti kutoka kwenye simu bila waya, na 1,000 kwa nyaya na viti viwili vya kuziwekea. Hatukukopa. Chombo cha muda kinacholipiwa kwa riba si cha muda tena. Deni lake huweza kuishi kuliko chenyewe.

Angalia pia alama ya omu nyuma ya spika. Ikiwa amplifaya imeandikwa omu 8 kwenda juu, usiipe spika za omu 4. Itapata moto na huenda ikafa. Spika za omu 8 haziichoshi sana amplifaya ndogo.

Kuukagua mtumba

Hewa yetu ya pwani ina joto, unyevu na chumvi, navyo havina huruma kwa spika kuukuu. Vua kitambaa cha mbele, uguse ukingo unaoizunguka koni. Ukiwa wa sponji na ukamomonyoka kidoleni, iache, au mwulize fundi kwanza gharama ya kuubadilisha. Ukingo wa mpira huvumilia zaidi. Kisha isukume koni taratibu kwa vidole vya pande zote mbili. Ukisikia mkwaruzo, koili imeharibika. Tazama mbao chini: zilizofura zimekunywa maji. Tazama vishikizo vya waya kama vina kutu. Mwisho, sogeza sikio karibu na spika ndogo ya juu, kwani ikiwa imekufa, maneno yatakuwa mazito hata besi iwe nzuri namna gani.

Kwa amplifaya ya mtumba, soma volti kabla ya bei. Umeme wa Kenya ni volti 240. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni cha volti 100, na cha Marekani ni cha 120. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani kitaungua. Huhitaji transfoma ya kupunguza umeme, nayo ni gharama nyingine.

Nenda na sauti unayoijua. Sisi tulibeba katika simu tilawa ya Sheikh Abdul Basit Abdus Samad ambayo mama huisikiliza kila siku, tukaicheza kwa sauti ya chini. Sauti kubwa huficha aibu nyingi. Ya chini huzifichua. Kama kila herufi yasikika wazi, umepata.

Nyumbani

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 watosha kwa mita chache. Usiuziwe wa bei ya dhahabu. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja tu, besi hupotea na sauti huyumba. Ziinue spika hadi usawa wa masikio ya aliyeketi, uzitoe pembeni mwa chumba, ziwe mbali na ukuta kadiri ya shubiri moja au mbili. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi. Mazulia, mapazia na mito hulainisha mambo bila senti moja.

Na badala ya kuipandisha sauti kwa ajili ya mzee, msogeze karibu na spika, upunguze besi. Jirani naye ana haki yake, hasa alfajiri. Lakini tusijidanganye: spika haitibu masikio. Mama tulimpeleka kupimwa pia, na kila mwenye mzee asiyesikia maneno afanye hivyo.

Siku tulipozifunga, mama alikaa kitini pake akaufumba mkono kifuani. Baada ya aya chache akasema kwa upole, "Huyo amevuta pumzi." Ndipo nikafahamu tulichokuwa tumemnyima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukinunua cha muda jiulize mawili: je, kinasema maneno? Na kizuri kitakapokuja, hiki kitakwenda wapi? Zetu tumekwisha kuziwekea nia: chumba cha watoto. Kinachojua kitakwenda wapi hakikuwa hasara.

Wabillahi tawfiq.